Soma namba kabla hujagusa draiva

Mimi ni fundi kompyuta hapa Mwanga, Kigoma. Sehemu kubwa ya ninayoyajua kuhusu draiva nimeyapata kwenye vifaa vilivyoletwa mezani kwangu vikiwa vimeshatangazwa vimekufa: printa ya steshenari, laptopu ya mwalimu, hadidiski ya nje yenye picha za harusi. Mwenye nacho anakuwa ameshaambiwa na mtu kwamba draiva imeharibika, au kwamba atafute kingine. Jambo hili linaniuma. Mtu ametoka Buhigwe au Uvinza, amelipa nauli, kazi yake imesimama, na kifaa kipya mara nyingi inabidi kiagizwe Dar es Salaam au Mwanza, kifike na gharama ya usafiri juu ya bei yake. Kumwambia anunue kipya ilhali tatizo ni waya ni kumtia hasara kwa uzembe wetu mafundi.

Draiva ni programu inayoielekeza Windows namna ya kukitumia kifaa fulani. Isipokuwepo, au ikiwekwa isiyo yake, kifaa hakifanyi kazi. Hilo watu wengi wanalijua, ndiyo maana kila kosa linatupiwa draiva. Wanachokiruka ni kwamba Windows inaposhindwa kukitumia kifaa huandika sababu, na sababu hiyo ina namba. Ile pembetatu ya njano unayoiona kwenye Device Manager, yaani orodha ya Windows ya vifaa vyote vya kompyuta, kazi yake ni kukuita tu. Ukibofya jina la kifaa mara mbili kinafunguka kidirisha, na ndani yake mna sentensi fupi inayoishia na namba kwenye mabano. Hapo ndipo kazi inapoanzia.

Njia fupi ya kufika kwenye orodha hiyo ni kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kuandika devmgmt.msc, kisha Enter. Naipendelea njia hii kwa sababu ya mahali tulipo. Kigoma tunapokea kompyuta nyingi kutoka Bujumbura na Kalemie, na hizo huja na Windows ya Kifaransa na kibodi ambayo A imekaa panapotakiwa kuwa Q, herufi M iko kulia kwa L, na nukta haitoki mpaka ushike Shift. Nimeona mafundi wazuri wakimrudishia mteja mashine kwa sababu maandishi yote ni ya kigeni kwao. Lakini amri ile ni ileile kwa lugha zote, na namba za makosa hazibadiliki. Aliyezizoea namba anaweza kuihudumia mashine ya mfanyabiashara kutoka Kalemie bila kumsumbua amtafsirie kila mstari.

Namba zenyewe si za kukariri kama shairi, zinazorudi mara kwa mara ni chache. Ukiona 28, draiva haijawekwa kabisa, na hiyo ndiyo nyepesi kuliko zote. Ukiona 22, kuna mtu alikizima kifaa, basi kiwashe. Namba 39 inasema draiva ipo lakini faili lake limeharibika au halionekani, na 52 inasema Windows imeshindwa kuthibitisha saini ya kidijiti ya draiva hiyo. Hiyo 52 naikuta zaidi kwenye draiva za zamani sana au zilizookotwa mahali pasipoeleweka. Mpaka hapo fundi yeyote makini anajua pa kwenda.

Zinazotesa watu ni 10 na 43. Namba 10 maana yake kifaa kimeshindwa kuanza. Namba 43 maana yake kifaa kimetoa taarifa kwamba kina tatizo, na Windows ikakisimamisha. Zote mbili zinaweza kutoka kwenye draiva na zote mbili zinaweza kutoka kwenye chuma, yaani kifaa chenyewe, na hapo ndipo watu huanza kupiga ramli: wanaondoa draiva, wanaiweka, wanaiondoa tena, mwisho wanapiga Windows upya na kumpotezea mtu mafaili yake.

Kuna kitu kingine cha kusoma kabla ya kufika huko. Kwenye kidirisha kilekile nenda sehemu ya Details, chagua Hardware Ids. Utaona mstari wa herufi na tarakimu unaotaja mtengenezaji na kifaa. Kwa vifaa vya ndani, VEN_8086 ni Intel, VEN_10EC ni Realtek. Kwa vifaa vya USB mtengenezaji anakaa kwenye VID: 04A9 ni Canon, 04B8 ni Epson, 03F0 ni HP. Ndiyo njia ya kukijua kifaa ambacho Windows imekiita kisichojulikana, hata kama stika yake ilishabanduka.

Na kama kifaa cha USB kimeonyesha namba 43 pamoja na VID_0000, acha draiva kabisa. Maana yake kompyuta imekiuliza kifaa, “wewe ni nani?” nacho hakikutoa jibu linaloeleweka. Draiva huchaguliwa baada ya kifaa kujitambulisha, kwa hiyo draiva ya printa hapo haijafikiwa bado. Tafuta kwenye waya, kwenye tundu, kwenye umeme, na mwisho kwenye kifaa chenyewe. Laiti ningeweza kuwafundisha vijana wote wa steshenari za mkoa huu jambo moja tu, ningewafundisha kuutazama mstari huo.

Mama mmoja mwenye steshenari Ujiji alinipigia simu kipindi shule zinachapa mitihani ya muhula. Printa yake ilikuwa inatoa kurasa kadhaa, inanyamaza, kompyuta inatoa mlio ule wa kifaa kilichochomolewa, kisha printa inarudi kama vile hakuna kilichotokea. Vijana wake walikuwa wameshaiondoa draiva na kuirudisha mpaka wamechoka.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba, karibu. Mwalimu mkuu anataka mitihani yake kesho asubuhi, na hela yake nimeshaipokea.”

“Mama, kabla haijaanza kusumbua, kuna kitu mlihamisha humu dukani?”

“Kompyuta hatukuigusa. Tuliisogeza printa kule dirishani tu, wateja wasinijazie hapa mezani.”

Nikaufuata waya wa printa kwa mkono. Ulipita nyuma ya kabati la madaftari, ukashuka sakafuni, na pale chini ukakutana na waya mwingine wa kuurefusha. Kwa ujumla urefu ulizidi mita 5, ambazo ndizo kikomo cha waya wa USB 2.0. Kiungio chenyewe kilikuwa kimelala njiani pa kupita watu. Nilipokivuta kilitoka bila ukinzani wowote, vibati vyake vya ndani vimefifia, na kwenye kona zake vumbi limejibana na unyevu wa deki ya kila asubuhi. Nikakirudisha, nikamwomba kijana akikanyage taratibu huku natazama skrini. Mlio ule ukasikika, na kwenye Device Manager ikatokea 43, kuingia Hardware Ids nikakuta VID_0000. Draiva waliyoisumbua kutwa nzima ilikuwa haina kosa.

Nikairudisha printa karibu na kompyuta, nikatumia waya mfupi, nikauchomeka kwenye tundu la nyuma lililo kwenye mazabodi lenyewe. Printa ikatambulika na haikukatika tena. Lakini karatasi bado hazikutoka, na hapa ndipo nilipoona madhara ya kuondoa na kurudisha draiva bila mpango. Printa ile ilikuwa moja tu dukani, ila kwenye orodha ya Windows zilikuwa kadhaa: yenye jina lake, na nyingine zenye jina hilohilo likifuatiwa na “Copy 1” na kuendelea. Ukibadilisha tundu la USB au ukaweka draiva tena, Windows inaweza kuiona kama printa mpya na kuipa njia mpya, badala ya USB001 ikawa USB002. Kazi zote zilikuwa zinatumwa kwa ile ya kwanza, ambayo njia yake haikuwa na kitu mwishoni. Mitihani ya watu ilikuwa imepanga foleni kwenda mahali pasipo na printa.

Dawa yake ninaiandika yote kwa sababu inahitajika kila wiki. Fungua Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi, andika net stop spooler, amri inayosimamisha foleni ya kuchapa. Nenda kwenye folda ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, futa vilivyomo ndani lakini folda yenyewe iache. Rudi uandike net start spooler. Kisha ondoa zile nakala za printa zisizo na kazi, na iliyobaki ifanye kuwa printa chaguo-msingi (default). Mwalimu mkuu alipata mitihani yake, na printa haikurudi dirishani.

Swali lile la “mlihamisha nini” ndilo swali langu la kwanza siku zote, na nalitoa kwa heshima, si kwa kumsaka mwenye kosa. Mtu akihisi unamlaumu ataficha jambo ambalo lingekuonyesha njia. La pili ninalolishika ni kubadili kitu kimoja kwa wakati. Ukibadili waya, tundu na draiva kwa pamoja halafu kifaa kikafanya kazi, hujui kilichokiponya, na kikirudi unaanzia sifuri.

Upande wa pili, pale draiva inapostahili kushukiwa, nilifundishwa na waya wa mpima ardhi. Huyu kaka alikuwa ametoka kupima viwanja upande wa Kasulu, vipimo vyote viko ndani ya total station, kifaa chake cha kupimia, na laptopu yake mpya haiusomi waya wa kuvihamishia, ule unaoanza na USB na kuishia na plagi ya pini 9. Laptopu ya zamani ya ofisini kwao ilikuwa inausoma vizuri, ila ilishaharibika. Nikaona namba 10, lakini safari hii kitambulisho kilikuwa kizima: VID_067B na PID_2303, hiyo PID ikiwa ni namba ya kifaa chenyewe. Kifaa kimejitambulisha, kinajulikana ni chipu ya PL2303, waya haujakatika. Basi hapa draiva ilikuwa na haki ya kushukiwa.

Chipu hiyo ina historia. Matoleo yake ya zamani mtengenezaji aliyaondoa sokoni mwaka 2012, na sokoni zimejaa chipu za kuiga zenye namba hiyohiyo. Draiva mpya huikagua chipu, ikikuta ni ya toleo lililoondolewa au ya kuiga inakataa kuanza. Kwa hiyo waya uliokubalika kwenye Windows ya zamani unakataliwa na mpya, na hakuna kilichoungua popote. Nilichofanya ni kuchagua kusasisha draiva, kisha badala ya kuiachia Windows itafute nikaitaka inionyeshe orodha ya zilizomo kwenye mashine, nikachukua toleo la zamani. Pembetatu ikaondoka, na viwanja vya watu vikaanza kuingia kwenye laptopu mstari kwa mstari.

Nilimweleza wazi kwamba Windows inaweza kuleta draiva mpya siku nyingine na mgomo ukarudi, hivyo atafute waya wenye chipu nyingine, kama CH340 au FTDI halisi. Neno halisi nililisisitiza. Mwaka 2014 ilitoka draiva ya FTDI iliyokuwa ikibadilisha namba ya utambulisho ndani ya chipu za kuiga na kuifanya sifuri, na baada ya hapo waya haukutambulika hata ukihamishiwa kompyuta nyingine. Waya wa bei ya chini unaweza kukugharimu siku ya kazi ukiwa porini, mbali na duka lolote.

Tofauti ya kesi hizi mbili ndiyo inayoniongoza. Kifaa kikigoma, nakijaribu kwenye kompyuta nyingine. Kikigoma kote kwa namna ileile, chuma kinashukiwa. Kikigoma kwenye moja tu, natazama draiva, tundu na umeme wa mashine hiyo.

Umeme nao haufai kupuuzwa. Tundu la USB 2.0 limepangiwa kutoa miliampea 500, la USB 3.0 miliampea 900. Hadidiski ya nje iliyochomekwa kwenye kigawanyio cha USB kisicho na chaja yake, pamoja na mausi, kibodi na modemu, huweza kukosa umeme wa kutosha kuanza. Inatoa mlio, inapotea, na mtu anaambiwa diski imekufa. Ichomeke peke yake moja kwa moja kwenye mashine kabla hujatamka hukumu. Picha za harusi nilizozitaja mwanzoni zilipatikana kwa njia hiyo.

Msimu wa mvua unakuja na radi, na hapa ziwani radi si ya kuchezea. Watu wengi wana stabilaiza au UPS na wanaona wako salama, lakini waya wa mtandao unaotoka nje hadi kwenye kompyuta umeachwa wazi. Radi ikipita huko, tundu la mtandao linaungua huku kompyuta inaendelea kuwaka vizuri. Dalili yake ni kwamba kadi ya mtandao inapotea kabisa kwenye orodha, au inabaki na namba 10 hata uiwekee draiva gani. Kabla sijasema imeungua, nachomoa chaja, natoa betri kama inatoka, nashikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika umeme uliobaki uishe, halafu nawasha. Zipo zinazorudi. Zisizorudi, kadi ndogo ya mtandao ya USB inamwezesha mtu kuendelea na kazi bila kubadili mazabodi.

Kuna pia hili la kuzima na kuwasha. Tangu Windows 8, kompyuta nyingi ukizizima kwa kawaida hazijisafishi kabisa: hali ya kiini cha Windows pamoja na draiva zake inahifadhiwa kwenye diski ili kesho ziwake haraka. Kompyuta inaweza kulala na kosa la draiva na kuamka nalo. Mteja anakuambia amezima na kuwasha mara nyingi, na anasema kweli. Mwombe achague Restart, kwa sababu hiyo ndiyo inayopakia draiva upya tangu mwanzo.

Kwenye kompyuta za mezani za zamani, hasa za mashuleni, natazama saa pale pembeni kabla ya kitu kingine. Betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye mazabodi ikiisha, tarehe inarudi nyuma miaka mingi kila umeme unapokatika. Tovuti zenye vyeti vya usalama zinakataa kufunguka, masasisho hayashuki, na mwalimu anaona kama draiva ya mtandao imeondoka. Rekebisha tarehe, badili betri.

Sasa draiva zinatoka wapi? Chanzo changu cha kwanza ni tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta au kifaa, nikitumia ile namba ya utambulisho. Programu zinazojitangaza kuwa zitapakua na kuponya draiva zote kwa mkupuo siziweki kwenye mashine ya mteja. Zinamaliza bando, zinakaribisha programu nyingine zisizoombwa, na huweza kubadili draiva iliyokuwa nzima. Ikitokea draiva mpya imeleta shida, kwenye kidirisha cha kifaa kuna Roll Back Driver ya kuirudisha iliyotangulia, mradi kitufe chake hakijafifia.

Kompyuta iliyopigwa Windows upya ikakosa draiva ya Wi-Fi haihitaji kubebwa hadi mjini. Chukua simu ya Android, iunganishe kwa waya wa USB, washa sehemu ya kugawa intaneti kwa USB. Windows 10 na 11 kwa kawaida huitambua bila draiva ya nje, na kupitia hapo unapakua draiva ya Wi-Fi yenyewe.

Bora zaidi, kabla ya kupiga Windows upya, hifadhi draiva zilizopo. Kwenye Windows 10 na 11 tengeneza folda kwenye flashi, kwa mfano D:\Draiva, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika pnputil /export-driver * D:\Draiva. Draiva zote zilizoongezwa kwenye mashine hiyo zinanakiliwa humo. Flashi hiyo iandike jina la kompyuta na uikabidhi kwa mwenyewe. Ushauri huu nautoa zaidi sasa, kwa sababu huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na watu wengi wanabadilisha mifumo kwenye mashine za miaka mingi ambazo draiva zake zinazidi kuwa adimu.

Na wewe unayekuja kutoka mbali, usilete kifaa peke yake. Njoo na waya unaoutumia nyumbani, chaja yake, na kigawanyio kama unacho. Kosa likitokea lipige picha kwa simu, ile sentensi yenye namba ionekane. Wapo niliowaelekeza kwa picha hiyo tu wakarekebisha wenyewe hukohuko Kibondo, nauli ikabaki mfukoni.